Kabla ya mauaji huja maneno: Wayahudi wa Ulaya na mashamba ya Kitale

NI wakazi wachache wa Kitale wanaofahamu kwamba nyanda zilizo kusini mwa mji wao nusura ziwe makao ya Wayahudi.

Mnamo 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni, waliokuwa wakiongozwa na Theodor Herzl, fursa ya kuhamia Afrika Mashariki. Eneo lililotengwa lilikuwa Uasin Gishu. Aprili mwaka huohuo Wayahudi 49 walikuwa wameuawa mjini Kishinev, katika milki ya Urusi, baada ya uvumi kuenezwa kwamba walimchinja mtoto Mkristo ili watumie damu yake katika ibada.

Wajumbe watatu walikuja kulikagua eneo hilo, na mnamo 1905 kongamano la Wazayuni mjini Basel likaikataa ahadi yenyewe. Wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo katika nyanda hizo hawakuulizwa neno.

Miaka 40 baadaye, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameangamizwa na Wanazi na washirika wao. Wengi hudhani kwamba balaa hiyo ilizuka kichwani mwa mtu mmoja, Adolf Hitler. Ukweli ni kwamba alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Kwa karne nyingi Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi katika sehemu nyingi za Ulaya, wakafungiwa milango ya vyama vya mafundi, na baadhi yao wakasukumwa katika kazi ya kukopesha fedha. Kisha wakachukiwa kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Uingereza iliwafukuza mnamo 1290, Uhispania mnamo 1492. Tauni ilipoikumba Ulaya mnamo 1348, walisingiziwa kuwa wametia sumu visimani.

Hadi wakati huo Myahudi aliyebatizwa aliweza, mara nyingi, kusalimika. Katika karne ya 19 chuki ilibadili vazi: hoja ikawa damu badala ya dini, na damu haibatizwi.

Wajerumani waliposhindwa vitani mnamo 1918, wanasiasa na majenerali walidai kwamba jeshi lilisalitiwa na watu wa ndani, Wayahudi wakiwa mbele ya orodha. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1928 chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Ukaja mdororo wa uchumi wa 1929. Kufikia mwaka 1932, Wajerumani wapatao milioni sita hawakuwa na kazi, na Julai mwaka huo chama hicho kikazoa asilimia 37.3. Wayahudi hawakufika hata asilimia moja ya raia wa Ujerumani.

Kuna jambo ambalo husahaulika. Kabla ya kambi za mauaji, zilitungwa sheria, zikiwemo zile za 1935 zilizowavua Wayahudi uraia kamili, kisha ukafuata unyakuzi. Maduka yao yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Vyombo vya nyumba za waliopelekwa kambini viliuzwa kwa mnada, na walionunua walikuwa watu wa kawaida, majirani. Chuki ilikuwa na faida yake ya fedha, na aliyekwisha kulalia kitanda cha jirani hakutamani arudi.

Mapigano ya kikabila ya Trans Nzoia na Bungoma hayakuwa mauaji ya kimbari, na itakuwa kosa kuyapima kwa mizani moja na ya Wayahudi. Lakini ngazi za chini za safari hiyo zinafanana kiasi cha kutisha.

Walowezi walipoondoka baada ya uhuru, mashamba yao ya Trans Nzoia yalinunuliwa na watu binafsi, kampuni na vyama vya ushirika. Wabukusu, Wakikuyu na wengineo walipata vipande vyao. Wasabaot walilalamika kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya mababu zao kabla ya Mzungu kuwatimua. Tofauti na uzushi waliotwikwa Wayahudi, kilio hiki kilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kumtoza mkulima wa Endebess deni la serikali ya kikoloni.

Kilio hicho kilikuwapo kwa miongo kadhaa. Kiliwashwa moto mnamo 1991, mfumo wa chama kimoja ulipotikisika. Mikutano ya kudai majimbo ilifanyika Bonde la Ufa mwezi Septemba. Tarehe 29 Oktoba vita vikazuka katika shamba la Meteitei, Nandi, na baadaye vikaenea hadi Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon, iliyokuwa wilaya ya Bungoma. Aliyechomewa nyumba hakuwa na pa kupigia kura.

Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu, Septemba 1992, watu 779 waliouawa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka uliofuata kwamba waliouawa walikuwa angalau 1,500, na waliofurushwa makwao 300,000.

Lugha nayo ilitangulia panga. Filamu ya Wanazi ya 1940 iliwafananisha Wayahudi na panya. Katika Bonde la Ufa majirani waliitwa "madoadoa", yaani uchafu wa kufutwa. Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, iliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe" na "mende".

Tena, anayeitwa mgeni habaki yuleyule. Katika mradi wa makazi wa Chepyuk, Mlima Elgon, ugavi wa mashamba uliwagonganisha Wasabaot wenyewe, Wasoy kwa Wamosop. Kundi la SLDF lililozuka mnamo 2006 liliua mamia ya watu, wengi wao wakiwa Wasabaot, hadi jeshi lilipoingia Machi 2008 na kulaumiwa nalo kwa kuwatesa raia.

Viongozi wa Nazi walifikishwa mahakamani Nuremberg Novemba 1945, miezi sita baada ya vita kwisha Ulaya. Tume ya Jaji Akiwumi ilikamilisha ripoti yake mnamo 1999 na kuwataja wanasiasa na maafisa wa utawala waliopaswa kuchunguzwa. Ripoti hiyo ilikaa kabatini hadi 2002, na hakuna kiongozi mkuu aliyewahi kutiwa hatiani kwa damu iliyomwagika Trans Nzoia na Bungoma.