Kweli au Si Kweli: Mtawala wa Mabavu Hung'oka kwa Bunduki Tu

Kila nchi inapoingia kwenye uchaguzi mgumu au maandamano, husikika kauli zilezile. Zinasemwa kwa uhakika mkubwa, na watu hufanya maamuzi mazito kwa kuziamini: mmoja anaingia msituni, mwingine anabaki nyumbani siku ya kura. Tuzipime kwa yaliyotokea.

"Mtawala wa mabavu hashindwi kwenye kura aliyoiandaa mwenyewe."

Si kweli, na shahidi ni Chile. Jenerali Augusto Pinochet alimpindua Rais Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, akatawala kwa mateso, mauaji na kupoteza watu. Katiba aliyoipitisha mwaka 1980 ilitaka wananchi waulizwe mwaka 1988: aendelee miaka 8 mingine, Ndiyo au Hapana? Wapinzani wengi waliuona huo ni mtego, wakataka kura isusiwe. Hofu yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo, vyama vilivyokuwa na ugomvi wa miaka mingi vikaungana upande wa Hapana, vikaanza kazi isiyo na sifa: kuwahimiza watu wajiandikishe, mtaa kwa mtaa, hadi daftari likavuka majina milioni 7. Walipopewa dakika 15 za televisheni kila usiku, hawakuishia kuhesabu maovu. Walionyesha nchi inayoweza kuwa na furaha tena, ili mwenye hofu apate moyo. Juu ya yote, waliweka mawakala vituoni na kujenga mfumo wao wenyewe wa kujumlisha kura.

Mfumo huo ndio uliookoa ushindi. Usiku wa 5 Oktoba serikali ilivuta muda kutangaza, lakini upinzani ulikuwa na hesabu mkononi. Mkuu wa jeshi la anga, Fernando Matthei, alipokuwa akiingia ikulu aliwaambia waandishi wa habari kwamba Hapana inaelekea kushinda. Pinochet alipotaka madaraka ya dharura, makamanda wenzake walikataa. Hapana ilipata takriban asilimia 56. Pinochet alibaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi 1998, jambo lililowauma sana ndugu wa waliouawa, lakini ikulu aliiachia Machi 1990, bila vita.

"Bunduki ndiyo lugha pekee wanayoielewa."

Mara nyingi si kweli. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006. Zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa takriban asilimia 53, za silaha kwa asilimia 26. Sababu yake inaeleweka. Vita huwaachia vijana wachache kazi yote, na humpa askari kisingizio cha kufyatua risasi. Umati wa akina mama, wazee, watawa na wanafunzi humfanya asite. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Manila, Ufilipino, Februari 1986, vifaru vya Rais Ferdinand Marcos vilipozuiwa na watu waliokuwa wakisali barabarani. Siwabezi waliopigania uhuru kwa silaha, kama Msumbiji, baada ya mkoloni kuwafungia kila mlango. Nasema tu kwamba anayeikimbilia bunduki kwa kuwa "ndiyo inayofanya kazi" amepotoshwa.

"Asilimia 3.5 ya wananchi wakitoka barabarani, serikali huanguka."

Nusu kweli. Hesabu hiyo imetoka kwa Chenoweth huyohuyo, naye ameonya kwamba inaeleza yaliyopita, haitabiri yajayo. Mwaka 2011 Bahrain ilitoa waandamanaji wengi kuliko kiwango hicho. Machi mwaka huo majeshi ya Saudi Arabia yalivuka daraja kuja kuukingia kifua utawala, na vuguvugu likazimwa.

"Rais akianguka, kazi imekwisha."

Si kweli, na Wasudan wamelipia somo hili kwa damu. Maandamano yaliyochochewa na bei ya mkate Desemba 2018 yalimng'oa Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili 2019, baada ya karibu miaka 30 ya utawala wake. Bashir aliondoka, wenye silaha wakabaki. Tarehe 3 Juni 2019 waliokuwa wamekita kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum walishambuliwa, na zaidi ya 100 wakauawa. Oktoba 2021 majenerali waliipindua serikali ya mpito. Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali hao wakageukiana, na raia ndio wanaoteketea.

"Uchaguzi ndio dawa ya vita."

Inategemea nani bado ameshika silaha siku ya kura. Angola ilipiga kura Septemba 1992 huku majeshi ya serikali na ya waasi yakiwa hayajavunjwa, na Umoja wa Mataifa ukiwa na waangalizi wa kijeshi mia chache tu katika nchi kubwa vile. Kiongozi wa waasi, Jonas Savimbi, alipata asilimia 40 dhidi ya karibu 50 za Rais José Eduardo dos Santos, akayakataa matokeo na kurudi vitani. Vita havikukoma hadi alipouawa mwaka 2002.

Msumbiji ilitia saini amani Roma Oktoba 1992, na uchaguzi uliotarajiwa mwaka uliofuata ukasogezwa hadi Oktoba 1994 ili wapiganaji wakusanywe kambini na kusalimisha silaha. Zaidi ya askari 6,000 wa Umoja wa Mataifa walisimamia, na mfuko maalumu ukawasaidia waasi wa Renamo wageuke chama. Kiongozi wao, Afonso Dhlakama, alisusia dakika za mwisho, akabembelezwa, akarudi, na kura ikaongezewa siku ya tatu. Alishindwa, lakini Renamo ikapata viti 112 kati ya 250. Mapigano yalirejea kwa kiasi mwaka 2013. Hata hivyo, hiyo ni karibu miaka 20 ya amani ambayo Waangola hawakuipata.

"Akishatangazwa, hakuna wa kumgusa."

Si kweli. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Malawi ikafuata tarehe 3 Februari 2020: majaji walikuta karatasi za matokeo zimefutwa kwa wino wa kusahihishia, na kura iliporudiwa Juni, Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika aliyekuwa madarakani. Kesi ile ilisimama kwa sababu kulikuwa na karatasi za kuonyesha.

Basi, ndugu msomaji, uchaguzi ujao kwako usiishie kupiga kura. Omba uwakala kwenye chama chako, kaa kituoni hadi kura ya mwisho ihesabiwe, na usitoke bila nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa.