Rubani Mwenye Ndege na Injini Yake Moja

Mtaa wa Ziwani, uliojengwa na Baraza la Mji wa Nairobi zama za ukoloni ili wafanyakazi wa Kiafrika wapate makaazi, umekaa kando ya Kariokor na Starehe, na upande wake wa mashariki, mtu akishapita Pumwani, kuna uwanja wa Eastleigh, ambao ndio uliokuwa mlango mkuu wa wasafiri wa angani wa Kenya nzima mpaka Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo umebaki kuwa wa jeshi. Kwa ajili hiyo mkaazi wa Ziwani hukua na kuzeeka chini ya milio ya ndege, na baada ya miaka michache sikio lake hujua, pasipo kufundishwa, tofauti ya ngurumo ya ndege ya kivita na mluzi mwembamba uliochanganyika na mvumo wa rafadha. Mluzi huo ni wa turbaini. Na mafuta yanayowaka ndani ya turbaini hiyo ni jamaa wa karibu mno wa mafuta ya taa yaliyomo katika stovu ya jikoni mwake, kwani yote mawili hutoka katika tabaka moja la mafuta ghafi yanaposafishwa, ila yale ya ndege, yaitwayo Jet A-1, hupimwa kwa ukali zaidi, yasiwe na maji, wala yasigande kabla baridi haijafika nyuzi 47 chini ya sifuri.

Ujamaa huo wa mafuta ndio uliogeuza hali ya urukaji katika Afrika Mashariki. Ndege ndogo za zamani, zenye injini ya pistoni, hutaka petroli maalumu ya ndege, bidhaa adimu na ya ghali, ambayo mtu anayetoka Nairobi kwenda Lodwar au Lokichoggio hana budi kuifikiria kabla hajaifikiria safari yenyewe. Ilhali Jet A-1 hupatikana kila mahali zinapotua ndege kubwa. Ndiyo maana ndege zenye turbaini moja, hususan Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, na Pilatus PC-12 ya Uswisi, iliyoruka mwaka 1991, zimeenea katika nchi zetu, zikibeba wagonjwa, watalii, wamisionari, na hata magunia ya miraa. Aghalabu hurushwa na marubani wa kuajiriwa. Lakini wapo watu, wachache kwa idadi, wanaonunua chombo cha namna hii kwa mali yao, kisha wakaketi wao wenyewe katika kiti cha kushoto, cha rubani. Na hao ndio ninaokusudia kuwazungumzia, kwa sababu hali yao ina elimu nyingi ndani yake, na ina hatari ya namna ya peke yake.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Klabu ya marubani wa Afrika Mashariki, iliyopo katika uwanja wa Wilson, Nairobi, hata leo, iliasisiwa mwaka 1927, na miaka miwili baadaye mjane Florence Kerr Wilson akaanzisha shirika la ndege ambalo jina lake ndilo lililobaki juu ya uwanja huo. Tarehe 14 Mei 1931 mwindaji Denys Finch Hatton, aliyekuwa akirusha ndege yake mwenyewe, alianguka Voi mara tu baada ya kuruka, akafa. Na vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya kifo hicho hupita haraka mno juu ya Kamau, mtumishi wake, ambaye alikufa katika ndege hiyo hiyo, naye hakuwa na kauli katika shauri la kuruka au kutoruka. Tena yuko Michael Wood, daktari mpasuaji, aliyejirusha mwenyewe kuwafuata wagonjwa, akawa mmoja wa watatu walioasisi shirika la tiba la AMREF mwaka 1957. Kwa hiyo ndani ya desturi hii moja mna anasa, na mna huduma kubwa kwa wanadamu.

Sasa tuitazame injini. Ile iliyomo katika Caravan na PC-12 huitwa PT6, nayo ilibuniwa Kanada, ikarushwa kwa majaribio mwaka 1961. Mtu akizikagua ndege hizi kwa karibu ataona ajabu moja, nayo ni kwamba bomba la ekzosi limekaa mbele, karibu na pua, badala ya kuwa nyuma kama alivyotazamia. Sababu yake ni kwamba hewa huingizwa sehemu ya nyuma ya injini, ikasukumwa kwenda mbele huku ikigandamizwa, ikachanganywa na mafuta na kuwashwa, na moto huo ukapita kwanza katika turbaini ndogo inayozungusha kigandamizi, kisha katika turbaini ya pili inayozungusha rafadha, ndipo ukatoka nje. Turbaini hizi mbili hazikuunganishwa kwa chuma chochote. Kinachoziunganisha ni upepo wa moto tu. Ya kwanza huweza kuzunguka kiasi cha mara 37,500 kwa dakika, ilhali rafadha ya Caravan, baada ya mwendo kupunguzwa kwa gia, huzunguka mara 1,900, na ya PC-12 mara 1,700. Ndani ya injini hiyo hakuna pistoni inayokwenda na kurudi, wala mshindo wa kila sekunde unaolegeza chuma. Kuna mzunguko tu, na kwa sababu hiyo uimara wake umepita kwa mbali ule wa injini za zamani.

Walakini injini hii imara ina saa yake ya udhaifu, nayo ni pale inapowashwa. Yeyote atakayeketi kando ya rubani wa Caravan pale Wilson alfajiri atamwona akibonyeza stata, kisha akatulia, mkono juu ya wenzo wa mafuta, macho juu ya geji mbili. Geji moja huonyesha mwendo wa kigandamizi, na mpaka ufike asilimia 12 au zaidi na kutulia hapo, wenzo hausogezwi. Ukishasogezwa, mlio wa moto husikika, na geji ya pili, ya joto, hupanda kwa kasi ya kutisha. Ikielekea kupita nyuzi 1,090 rubani hukata mafuta papo hapo, asingoje kuona itakuwaje. Siri iko katika hewa. Katika turbaini, sehemu ndogo tu ya hewa, yapata robo, ndiyo hutumika kuchomea mafuta, na iliyobaki kazi yake ni kupoza. Sasa betri ikiwa dhaifu, kigandamizi kikazunguka pole pole, mafuta huja kamili lakini mpozaji haji, na mapanga ya turbaini, yaliyotengenezwa kwa aloi ya nikeli ili yastahimili moto, huharibika katika muda usiotosha mtu kutaja jina lake mara mbili. Kwa tajiri aliyenunua PC-12 mpya, ambayo thamani yake yapita dola milioni 6, sekunde hizo zaweza kuwa ndizo za gharama kubwa kuliko zote atakazoishi. Nawatajia jambo hili hususan vijana wa Ziwani ambao baba zao na ndugu zao ni mafundi wa magari pale Grogan, kwani sikio na pua zinazoitambua injini kwa mlio na harufu ni mtaji mwema, na Chuo cha Usafiri wa Anga kilichopo Embakasi tangu mwaka 1954 si mbali na nyumbani kwao.

Fauka ya hayo, Nairobi yenyewe ni mtihani. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua, joto likifika nyuzi 26, hewa ya hapo huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,000. Yaani imepungua uzito kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya baharini. Hewa nyepesi huiba mara tatu: bawa hupata kitu kichache cha kuegemea, rafadha hupata kitu kichache cha kusukuma, na injini ya pistoni isiyo na kipuliza hupata oksijeni kidogo ya kuchomea, hata ikapoteza karibu robo ya nguvu zake kabla haijaanza safari. Dhidi ya wizi huo wa tatu turbaini ina dawa. Injini ya PC-12 imefungiwa isitoe zaidi ya nguvu za farasi 1,200, ijapokuwa kwa maumbile yake ingeweza kupita 1,500. Ziada hiyo ni akiba, na ndege inapopanda katika hewa nyepesi rubani huitumia akiba pole pole, nguvu zikabaki zile zile hadi juu sana. Lakini bawa halina akiba ya namna hiyo. Mwenye ndege aliyezoea Mombasa au Lamu, akijaza watu na mizigo Wilson saa nane mchana kwa kuamini injini peke yake, ataiona barabara ya kurukia, ambayo urefu wake ni takriban mita 1,500, ikiisha mapema kuliko alivyodhani.

Swali ambalo kila msikiaji huuliza kwanza ni hili: injini ni moja, je, ikizima? Mwezi Juni mwaka 1993 Richard Leakey, mkuu wa Shirika la Wanyamapori la Kenya wakati huo, akiirusha mwenyewe ndege ndogo ya pistoni, alipotewa na nguvu za injini dakika chache baada ya kutoka Wilson, akaanguka, na hatimaye akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Watu walishuku hujuma, wala haikuthibitishwa. Ndege ya turbaini haijasalimika kabisa na jambo hilo, lakini walioibuni walilifikiria. Mapanga ya rafadha hushikwa katika pembe ya kazi kwa shinikizo la oili ya injini. Shinikizo likipotea, springi na vizito huyageuza yenyewe yakaelekeza makali yake mbele, yasizuie upepo. PC-12 iliyo katika hali hiyo, hewa ikiwa tulivu, huteleza kilomita 16 kwa kila kilomita moja inayoshuka. Rubani aliyeko mita 6,000 juu ya ardhi ana zaidi ya dakika 20 na duara pana la kuchagua pa kutua, na katika nchi yenye viwanja vingi vya murramu hiyo ni neema kubwa. Aliyeko mita 150 juu ya mapaa ya mji hana neema hiyo, na hapo hakuna ubunifu wa mhandisi utakaomwongezea muda.

Kwa hakika, lakini, si injini inayoua zaidi. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa. Mabaki yalipatikana baada ya siku mbili. Hawa walikuwa na marubani wawili wa kazi hiyo. Milima hiyo inafika mita 4,001, Mlima Kenya mita 5,199, na kuanzia Juni hadi Agosti pepo zenye unyevu zitokazo baharini hupanda mteremko wa nyanda za juu, zikapoa, zikawa mawingu mazito ambayo mkaazi wa Ziwani huyajua kwa baridi ya asubuhi isiyo na jua. Mtu anayetaka kuyaruka juu hukutana na jambo jingine: kwetu hapa karibu na ikweta hewa huanza kuwa chini ya sifuri yapata mita 4,800, na matone ya wingu yaliyo baridi kupita kiwango cha kuganda, ila bado ni maji, huganda mara yagusapo bawa, yakaliharibu umbo. PC-12 ina mipira ya kupasua barafu hiyo na chumba kinachotunza hewa. Caravan haina chumba cha namna hiyo, na katika kimo hicho ubongo hukosa oksijeni bila mwenyewe kujua.

Katika shirika la ndege yupo mtu wa kusema hapana. Yupo afisa wa safari, yupo rubani mkuu, na rubani wa pili ana haki ya kusema hali hii si nzuri, tusiende. Mwenye ndege anayejirusha amekuwa bosi, rubani na abiria mwenye haraka, wote katika nafsi moja. Ana mkutano Kisumu saa tatu, wageni wake wameshapanda, na kila aliyesimama uwanjani anakula mshahara wake. Turbaini imemwondolea hofu nyingi zilizowarudisha wazee nyumbani, na hivyo imempa ujasiri ambao mazoezi yake ya mara chache hayalingani nao. Naona hiyo ndiyo hatari kubwa ya ndege hizi, tena sayansi ya metali haiwezi kuitibu.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mtu aliyeweza kuilipia ndege hii anaweza kumlipa pia mkufunzi mzoefu, na anapaswa kumpa, kwa maandishi na mbele ya familia yake, mamlaka ya kuzuia safari yoyote ambayo hali ya hewa au uchovu wa mwenye ndege haiiruhusu, na asimwachishe kazi kwa kuyatumia. Nanyi mnaoalikwa kupanda, ulizeni kabla mlango haujafungwa: leo nani ana idhini ya kusema hapana? Mkiona hakuna, shukeni.