Amri ya kurudi ofisini: anayekaa mbali ndiye anayelipa zaidi

Wengi wetu tuna jamaa wanaofanya kazi ng'ambo, na siku hizi tunawasikia wakisema: "Wametuamuru turudi ofisini." Tueleze jambo hili ni nini.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Kovidi-19 ulifunga ofisi nyingi duniani. Wenye kazi ya kompyuta walianza kufanyia kazi nyumbani, na wengine wakahamia mbali na miji mikubwa, mahali ambapo kodi ya nyumba ni nafuu. Sasa waajiri wengi wanawaita. Huko Marekani, kampuni ya Amazon ilitangaza mnamo Septemba 2024 kwamba wafanyakazi wake wa ofisini watarudi siku tano kwa juma kuanzia tarehe 2 Januari 2025. Kabla ya hapo walitakiwa kufika siku tatu. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump naye aliagiza wakuu wa idara za serikali wawarudishe watumishi wao ofisini kila siku, isipokuwa wale ambao wakuu hao wataona inafaa kuwaachilia.

Amri ni moja kwa wote, lakini mzigo si mmoja. Tufanye hesabu. Mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi, anapoteza saa 3 kwa siku. Akifika ofisini siku tatu, ni saa 9 kwa juma. Akifika siku tano, ni saa 15. Tofauti ni saa 6 kila juma. Kwa majuma 48 ya kazi, hizo ni saa 288, sawa na siku 36 za kazi za saa nane. Mshahara haukuongezeka, nauli imeongezeka, na watoto wanamkuta baba au mama amechoka. Jirani wa ofisi, anayetembea dakika kumi tu, haoni shida hiyo.

Je, mwajiri anapata faida? Kampuni ya safari ya Trip.com ilijaribu jambo hili huko Shanghai, China, mwaka 2021 na 2022, kwa wafanyakazi 1,612 waliosoma chuo kikuu. Waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: kundi moja lilikuja ofisini siku tano, lingine liliruhusiwa kubaki nyumbani Jumatano na Ijumaa. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2024 na mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake, yalikuwa wazi. Ubora wa kazi haukutofautiana, wala kupandishwa cheo. Lakini katika kundi la siku mbili za nyumbani, walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Upungufu huo ulionekana hasa kwa wanawake, kwa wasio wakubwa wa kazi, na kwa wanaotoka mbali. Ndio kusema, mwajiri anayekaza amri anaweza kupoteza kwanza watu wa mbali, bila kupata kazi bora zaidi.

Hata hivyo tusiwahukumu waajiri upesi. Kijana mpya hujifunza kwa kukaa karibu na wazoefu, na mashauri mengine yanataka watu waonane uso kwa uso. Wale wa Shanghai nao walifika ofisini siku tatu. Tena kuna muuguzi, mpishi na mfanyakazi wa kiwandani, ambao hawakupata kamwe nafasi ya kufanyia kazi nyumbani.

Basi kiongozi mwenye busara, kabla ya kutoa amri, aulize kwanza: nani anatoka mbali, na anatumia saa ngapi njiani? Akusanye mikutano yote siku zilezile, aruhusu wengine kuanza mapema au kuchelewa ili wakwepe msongamano, na atoe taarifa mapema ili watu wapange malezi ya watoto. Hata kwetu, anayeongoza shule, kituo cha afya au ofisi ya kanisa anaweza kuuliza swali hilo kabla ya kuita watu kwa kikao cha nusu saa. Saa za njiani haziandikwi kwenye karatasi ya mshahara, lakini kuna mtu anayezilipa.