Mfereji ukipita shambani mwako, udai nini?

MAJI yanayofurika Kilosa si lazima yawe yamenyesha Kilosa. Mto Kinyasungwe huyakusanya Dodoma, nayo hushuka wilayani humo kupitia Mto Mkondoa kabla ya kuelekea Wami, yakibeba mchanga na tope vinavyojaza mto na kupunguza kina chake.

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulibomoa tuta lake. Maelfu ya watu walipoteza makazi, mashamba yakafunikwa na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe.

Kwa wilaya ya namna hiyo, tuta imara na mfereji wa kutolea maji si anasa. Tatizo ni kwamba vyote viwili lazima vipite katika ardhi ya mtu.

Mvumi ni mfano mzuri. Skimu yake ya mpunga ilikuwa moja ya skimu tano za Mkoa wa Morogoro zilizoingizwa katika mradi wa kupanua uzalishaji wa mpunga uliosimamiwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kigugu, Mbogo-Komtonga, Msolwa Ujamaa na Njage.

Skimu ya mpunga huhitaji mfereji wa kuleta maji na mwingine wa kuyatoa. Wa kwanza kila mkulima anautaka karibu. Wa pili anautaka upite kwa jirani.

<b>Hasara yake ni kiasi gani?</b>

Chukua shamba la mita 70 kwa 70, ambalo wengi hulihesabu kuwa eka moja. Mfereji wa upana wa mita tatu, wenye tuta la mita mbili kila upande, huchukua ukanda wa mita saba. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya shamba.

Hasara haiishii hapo. Ukipita katikati, mfereji hukata shamba vipande viwili. Bila kivuko, trekta au mkokoteni hautafika upande wa pili. Kivuko hicho kidaiwe kabla ya kazi kuanza, si baada ya mkandarasi kuondoka.

<b>Kutwaa na kupitisha ni mambo mawili</b>

Swali la kwanza la mkulima liwe hili: mnataka ardhi yangu, au mnataka njia tu?

Ardhi ikitwaliwa chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, umiliki wako katika eneo hilo umekwisha. Ikiwa ni haki ya kupitisha, ardhi inabaki yako, ila hutajenga wala kupanda miti juu ya njia hiyo, na mafundi wataingia kufanya matengenezo.

Katika skimu za wakulima, eneo la mfereji huweza pia kutolewa kwa hiari. Si vibaya, kwani wote wananufaika. Lakini hiari nayo iandikwe: jina la mtoaji, ukubwa wa eneo na sahihi yake, katika muhtasari wa mkutano wa kijiji.

<b>Fidia yenyewe</b>

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Ardhi yenyewe ina thamani, si nyumba na miti tu. Huongezwa posho ya usumbufu na, kwa anayehama, usafiri na makazi. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, yanastahili riba.

Asiye na hati ya hakimiliki ya kimila asikate tamaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua umiliki wa kimila, na inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa.

Wanaolima kandokando ya mto wakumbuke mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 na ile ya Rasilimali za Maji ya 2009 zinazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo.

Ugumu wa suala hilo ulionekana Dar es Salaam mwaka 2023, katika mradi wa Bonde la Msimbazi. Wakazi wengi walilalamika kuthaminiwa majengo bila ardhi, kwa kuwa eneo lilihesabiwa kuwa hatarishi. Baadaye serikali iliongeza malipo kwa ajili ya ardhi.

<b>Siku ya uthamini</b>

Mkulima awepo shambani mwenyewe. Ahesabu miti pamoja na mthamini, apige picha, na aulize kama mradi utasubiri mavuno ya mpunga uliokwisha pandwa.

Asitie sahihi fomu asiyoisoma, na abaki na nakala. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita muda huo bila malipo, shamba lithaminiwe upya.

Mwenye malalamiko aanze na baraza la ardhi la kijiji. Asiporidhika, yapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na Mahakama Kuu.

Mfereji mzuri huokoa mavuno ya mamia ya watu. Si haki gharama yake ibebwe na yule mmoja ambaye shamba lake limeangukia kwenye mstari wa mpimaji.