Nani Kala Hizo Tatu?

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikishafika bungeni mwezi Aprili, simu yangu haipumui. "Kaka, mfadhili anasema aliwapa chuo bilioni 5 za maabara. Vitabu vya chuo vinaonyesha mapato ya bilioni 2. Nani kala hizo tatu?" Mwaka jana ilikuwa shemeji, mwaka huu jirani. Bilioni hubadilika, swali ni lilelile.

Hakuna aliyezila. Ziko benki. Zimekuja na sharti kwamba zisipotumika kwa maabara zirudi kwa mwenyewe, kwa hiyo hadi Juni 30, vitabu vinapofungwa, chuo kinaandika mapato ya zile 2 zilizotumika tu. 3 zinakaa upande wa madeni. Ukurasa huo wa madeni hakuna anayeufungua. Ada nayo inakwenda kinyume chake: mwanafunzi akishasajiliwa, ada yake ni mapato ya chuo hata kama hajalipa senti. Mapato yapo, fedha haipo, na hapo tena utasikia "wamekula".

Ninachokasirikia hasa ni imani kwamba wizi huonekana kwa tarakimu kukataa kulingana. Mwizi anayejua uhasibu huhakikisha zinalingana! Chukua mishahara hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Kila mmoja alikuwa na jina kwenye orodha ya malipo, mshahara wake uliidhinishwa, ukapita benki, ukaingizwa kwenye vitabu. Linganisha orodha na benki utakavyo, hupati upungufu hata wa shilingi. Hewa hizo hukamatwa kwa kuwaita watu wasimame mbele yako na vitambulisho, si kwa kikokotoo. Vivyo hivyo saruji iliyolipiwa na isiyofika: hati ya malipo ipo, stakabadhi ipo, jumla ni safi. (Na hati safi, tafadhali, si cheti cha uaminifu. Inasema tu kwamba taarifa za fedha hazina makosa makubwa.)

Sisemi kila tofauti haina hatia. Tofauti isiyo na maelezo ni hoja ya ukaguzi, na mimi mwenyewe nimeandika nyingi.

Basi ukitaka kuuliza, uliza hivi. Usuluhisho wa benki (vitabu vikilinganishwa na taarifa ya benki) wa mwisho wa Juni uko wapi, na vipengele vilivyoning'inia vina umri gani? Madeni ya ada yana miaka mingapi? Takwimu za mwaka jana zimerekebishwa, na kwa nini? Hoja unayoisoma ilikuwemo katika ripoti iliyopita? Kisha fungua taarifa ya kulinganisha bajeti na fedha halisi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 24, kinadai iwepo, na tofauti kubwa zielezwe. Ukikuta maelezo hayo hayapo, hapo nipigie, hata usiku.