Leseni Iliyobaki Bila Ufunguo

Mtu anayelipia programu ya kompyuta kwa kawaida hainunui programu yenyewe kama anavyonunua meza au baiskeli, bali hununua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyowekwa na mwenye hakimiliki. Leseni nyingi zilizouzwa zamani kwa malipo ya mara moja hazikuwa na ukomo wa muda, na wanunuzi walizichukua kuwa ni zao daima. Hata hivyo, leseni kuwa halali ni jambo moja na programu kukubali kufunguka ni jambo jingine, na tofauti hiyo hujitokeza pale kampuni inapoacha kuuza na kuhudumia programu ambayo watu wangali wanaitegemea katika kazi zao.

Mfano ulio wazi ni Creative Suite 2, mkusanyiko wa programu za kuhariri picha, kuchora na kupanga kurasa uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2005, ukiwa na Photoshop na InDesign ndani yake. Mnunuzi aliyeusakinisha, yaani aliyeuweka ndani ya kompyuta yake, aliandika namba ya leseni yenye tarakimu 24, kisha programu ikaikagua mashine na kuitungia alama ya kuitambulisha, ikaipeleka alama hiyo kwa intaneti hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea maombi na kuyajibu, na seva iliporidhika ilirudisha idhini ya kuendelea. Hatua hiyo huitwa uamilishaji. Leseni moja ilitosha kompyuta mbili, na aliyetaka kuhamia mashine nyingine alipaswa kwanza kuondoa uamilishaji kwenye mojawapo ya zile za awali. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na diski, namba na risiti mkononi, lakini neno la mwisho alikuwa nalo muuzaji.

Seva hizo zilipozeeka na kuzimwa, Adobe iliwawekea wateja, mwanzoni mwa mwaka 2013, nakala maalumu za programu hizo pamoja na namba zake, nakala ambazo hazikuhitaji kuomba idhini popote. Watu wengi duniani walizipakua wakidhani zimegeuzwa kuwa za bure, na kampuni ikalazimika kueleza kwamba zilikusudiwa wale tu waliokwisha kulipia. Pamoja na mkanganyiko huo, hatua yenyewe ilikuwa ya haki, kwa kuwa aliyefunga duka aliwaachia wenye mali ufunguo. Inasikitisha kwamba haikudumu: baadaye kampuni ilitangaza kuwa matoleo ya pili na ya tatu hayawezi tena kusakinishwa upya, hata na mtu aliye na diski zake halisi. Wakati huo Adobe ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye mauzo ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, ambako anayeacha kulipa huacha pia kutumia.

Ufunguo peke yake, hata ukipatikana, hautoshi, kwa sababu programu husimama juu ya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoongoza kompyuta nzima, nao hubadilika. Creative Suite 2 ya kompyuta za Apple iliandikwa kwa ajili ya prosesa za PowerPC. Apple ilipoanza kutumia prosesa za Intel mwaka 2006, programu hizo ziliendelea kufanya kazi kwa msaada wa programu ya ukalimani iliyoitwa Rosetta, lakini mfumo wa mwaka 2011 ulikuja bila Rosetta, na programu zikakoma kufunguka ingawa leseni zake hazikuwa zimefutwa na mtu yeyote.

Sheria imeanza kulitazama suala hili, ingawa kwa hatua fupi. Nchini Marekani, mwaka 2003, iliruhusiwa kukwepa kifaa kidogo cha ulinzi kinachochomekwa kwenye kompyuta ili programu ifunguke, iwapo kifaa hicho kimeharibika na hakipatikani tena sokoni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo iliamua tarehe 6 Oktoba 2021, katika shauri kati ya kampuni ya Top System na serikali ya Ubelgiji, kwamba mnunuzi halali anaweza kuifumua programu ili kurekebisha makosa yanayoizuia kufanya kazi iliyokusudiwa, mradi azingatie mkataba wake. Taasisi kubwa hujilinda mapema kwa kudai kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ambayo programu hutengenezwa kutokana nayo, uwekwe amana kwa mtu wa tatu na ukabidhiwe kwao iwapo mtengenezaji atafunga biashara.

Mtumiaji wa kawaida hana nguvu hiyo ya kudai, na wengi hukimbilia programu zilizochakachuliwa, ambazo mara nyingi huingia na virusi. Njia iliyo salama zaidi ni kompyuta pepe, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya mpya, ambamo mfumo wa zamani na programu yake huishi pamoja bila kuunganishwa na intaneti, kwa kuwa mfumo kama Windows XP uliacha kupewa marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kuna tahadhari moja: kompyuta pepe huonekana kwa seva kuwa ni mashine mpya, hivyo huomba idhini upya. Kwa sababu hiyo, mwenye leseni ya zamani aiandae kompyuta hiyo pepe sasa, seva ingali inajibu, na kabla ya kuuza au kufuta kompyuta anayoitumia aondoe kwanza uamilishaji, kisha ahifadhi faili la kusakinishia, namba ya leseni na risiti mahali pawili tofauti.