Programu huria: Badilisha hatua kwa hatua, wafanyakazi wasiachwe nyuma

MENEJA anayetaka kupunguza gharama za leseni kwa kuhamia programu huria hushawishika kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Haraka hiyo huzaa manung'uniko: karani asiyeona tena alipozoea kuhifadhi barua huilaumu programu, na kazi hukwama.

Kikosi cha Gendarmerie cha Ufaransa kilifuata njia tofauti. Mnamo 2005 kilianza na OpenOffice ya kuandikia hati, kisha kikaleta Firefox ya intaneti na Thunderbird ya barua pepe, tarakilishi zikiwa bado zinatumia Windows. Kilipoanza kuhamia Ubuntu mnamo 2008, maafisa walikuta humo programu walizokwisha kuzizoea.

Hata ofisi ndogo yaweza kuiga mpango huo. Kwanza, ijaribu LibreOffice katika idara moja. Pili, iteue mfanyakazi wa kuwaelekeza wenzake, naye apunguziwe majukumu mengine. Tatu, ihakikishe kuwa majedwali ya mishahara na hati za zamani zinafunguka sawasawa kabla ya kuondoa programu ya awali.

LibreOffice haitozi ada ya leseni, lakini mafunzo yana gharama. Meneja asiyeyatengea fedha na muda atazilipa baadaye, kazi ikiwa imekwama.